Mgongoni mwa Mkwe

Nchagwa hakusikia mama mkwe wake akianguka. Alikuwa ametangulia mno, kama mkwe mwenye heshima zake, asije akamkaribia au, Mungu apishe mbali, akamgusa. Mvua ilikuwa imesomba daraja la kwenda Nyandiwa, bodaboda zimegoma Magunga, na huko ng'ambo ya milima ya Gwassi mkewe Dorine alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Filister, mama yake Dorine, alikuwa ametoka Ndhiwa asubuhi na mapema kwenda kumwona mjukuu, na Nchagwa alikuwa amekuja kumpokea Magunga. Basi wakakatiza msitu kwa miguu, mkwe mbele, mama nyuma kabisa.

Alipogeuka, njia ilikuwa tupu. Majani mabichi pande zote, na kimya. Alirudi mbio akiita, miiba ikimchana mikono, hadi akamwona chini korongoni, ameketi kwenye tope, mguu umepinda vibaya.

"Orwa, mkwe wangu, usishuke!" Filister alipiga kelele. "Huku hakuna pa kutokea."

Alishuka. Utelezi ulimfikisha chini kwa makalio, wakawa wamenaswa wawili. Kuta za korongo zilikuwa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na kila mzizi alioushika uling'oka. Simu haikuwa na mtandao. Maji yaliyokuwa yakilowesha vidole vyao yalianza kugeuka mekundu.

"Huko juu kumenyesha," Filister alisema. "Hii maji inakuja."

"Nikubebe, mama?"

"Wewe! Unataka watu waseme nini? Kata fimbo."

Alikata fimbo ndefu kwa panga lake. Akashika ncha moja, mama akashika nyingine. Walipanda kidogo, mguu ukakataa, fimbo ikamponyoka Filister, akaporomoka akilia kwa uchungu. Wakajaribu tena, akaporomoka tena. Maji yalifika magotini. Nchagwa aliogopa, kisha akashikwa na hasira. Adabu gani hii isiyosikia mtu akianguka?

Alipiga magoti majini, akampa mgongo.

"Mama, huyo mtoto hajakuona bado."

Mikono miwili ya baridi ikamzunguka shingo.

Alipanda kwa magoti na viwiko, akichimba mashimo ya kushika kwa panga, pumzi ya mama mkwe ikimpiga sikioni. Walipofika juu, magogo yalikuwa yakipita chini yao, pale pale walipokuwa wameketi.

Alimbeba mchana uliobaki wote. Ziwa lilipotokea kati ya miti, wanawake wa Nyandiwa waliokuwa wakianika dagaa wa omena waliacha kazi, wakabaki midomo wazi. Nchagwa aliona haya, akachutama haraka ili amshushe kabla hawajasogea.

Mikono ikakaza shingoni mwake.

"Tembea, mwanangu," Filister alisema. "Wacha waone."