Mlango wa Mama Florentine

Foleni ya mpaka wa Kavimvira, kati ya Uvira na Bujumbura, ilikuwa imefurika asubuhi ile, mikokoteni ikisukumana na akina mama wa biashara, mkoba wa Sabine ulipopasuka na funguo zake zikatawanyika miguuni mwa watu. Kijana mwenye shati la buluu lililopigwa pasi akaziokota.

"Dada, funguo yote hii! Iko unalinda gereza?"

"Niko nalinda mama yangu." Sabine alikaza kitenge chake cha manjano. "Leta, usinichezee."

"Minye niko nauzisha serire ya kode. Unabonyeza namba, mulango inafunguka. Hakuna ufunguo ya kuanguka tena."

"Na roho yako, nayo iko na kode?"

"Iko wazi tangu asubuhi hii."

Sabine alicheka bila kutaka. Kijana aliitwa Evariste, fundi wa kufuli za namba, na kabla msimu wa mvua haujaanza alikuwa akimpigia simu kila jioni: "Sheri yangu, umekula?" Sabine alijifanya mkali, lakini alikuwa amekwisha kupenda.

Evariste alikwenda mtaa wa Songo, mjini Uvira, akatoboa mlango wa chuma wa nyumba ya kina Sabine, akafunga kufuli na kutia betri. Sabine aliweka namba yake mwenyewe na hakumwambia mtu. Mama yake, Mama Florentine, alikuwa amepooza upande mmoja. Hakuweza kuufikia mlango. Sabine alimfungia kila alipokwenda Bujumbura kuchukua bidhaa, kwa kuogopa wezi.

Siku moja alirudi akamkuta Evariste kitandani kwa mama, anamlisha uji.

"Umeingia namna gani?"

"Kila serire ninafunga, naachaka kode yangu ndani. Batu iko wanasahau kode zao. Mama alikuwa na njaa, Sabine."

"Kwa hiyo unaingia kwa batu kama mwizi? Ifute! Hapa mbele yangu."

"Sheri, na siku weye haiko?"

"Ifute, na usirudi."

Akaifuta. Hasira ya Sabine ilikuwa na haki yake. Ni nani angependa mtu mwingine ashike mlango wake? Lakini alimpenda, na kila simu ya Evariste aliyoiacha iite bila kuipokea ilimuuma.

Kisha vita vikashuka bonde la Ruzizi. Sabine alikuwa Bujumbura. Mpaka ukafungwa, mtandao ukakatika, na hakuna mtu Uvira aliyejua namba ya mlango ule. Alikaa amekumbatia simu iliyokufa, akilia.

Watu wa Songo walikimbia kuelekea ziwani. Evariste alipanda kinyume chao na mtaimbo begani, akihofia kwamba mama amefungiwa ndani. Madirisha yalikuwa na vyuma. Chuma cha mlango kilikuwa kizito, na kufuli ile alikuwa ameichagua yeye mwenyewe, iliyo ngumu kuliko zote. Aliipiga siku nzima, risasi zikilia mjini, huku akizungumza na mama aliyekuwa ndani. Mlango ulipokubali, mama alikuwa sakafuni, midomo imekauka.

Mtandao uliporudi, Sabine ndiye aliyepiga.

"Alo? Evariste! Mama iko?"

"Njo kwanza, sheri."

"Nimekuuliza, mama iko?"

"Mama haiko tena."

Alirudi akakuta matanga. Nyumba haikuwa na mlango. Evariste alikuwa nje kabisa, na majirani, shati lake chafu, viganja vimefungwa vitambaa. Sabine alisimama mbele yake.

"Kama singekuambia ufute..."

"Minye ndio nilifunga ile serire."

"Alisema nini?"

"Nilipomuinua, hakuwa anaona tena. Aliuliza: Sabine, umefika? Nikasema ndiyo, mama. Nilimudanganya. Unisamehe."

"Akafanya nini?"

"Akacheka kidogo. Halafu akalala."

Sabine alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, kisha akamshika mkono uliojeruhiwa akamwingiza ndani hadi kwenye mkeka, wanapokaa watu wa familia tu. Shangazi Bernardine akainua macho.

"Huyu anakaa hapa kama nani?"

"Ni mukwe ya mama," alisema Sabine.

Shangazi alimtazama Evariste, akavitazama viganja vyake, akasogea kumpa nafasi.