Joto la Bibi Wawili

"Mtoto ambaye hata kunyonya hajaweza, utamuuliza imani yake kwa njia gani?" Bibi Ngoma alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu wodini kelele haziruhusiwi. Hata hivyo, vitanda vyote vya jirani vilisikia.

Bibi Kengele alijibu kwamba hakuna anayemuuliza mtoto jambo lolote. Mtoto huvalishwa nguo kabla hajajua baridi ni nini, na ubatizo ni hivyo hivyo. Tena mtoto mwenyewe ndiye huyo, amezaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate. Nani ajuaye kesho?

"Usimtabirie mjukuu wangu kifo."

"Ni wangu pia, bibi mwenzangu. Au huyu mama aliyelala hapa alizaliwa na nani?"

Maswali alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake akikunja nepi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina lake la shule halikutumika nyumbani. Nyumbani aliitwa Maswali, na aliyemjua hakuhitaji kuelezwa kwa nini. Yeye ndiye aliyewabandika bibi zake majina yale. Mama mzaa mama alisali katika kanisa lenye kengele, ambako watu huomba kwa maneno ya kitabuni, na watoto wachanga hubatizwa kwa kumiminiwa maji kichwani. Mama mzaa baba alisali katika kanisa lenye ngoma. Huko kila mtu huomba kwa maneno yake mwenyewe, na mtu husubiri akue, aamue, ndipo azamishwe majini. Maswali alikwenda kwa zamu, Jumapili hii huku, Jumapili ijayo kule, na kila bibi aliamini kwamba Jumapili yake ndiyo iliyohesabika mbinguni.

Sasa alikuwa amepata mdogo wa kiume, na mdogo huyo alikuwa hatarini. Nesi wa wodi hakuwaficha. Mtoto njiti hana mafuta mwilini ya kumtunzia joto. Akipoa, anaweza kuacha kupumua. Dawa yake ni kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitenge, avikwe kofia na soksi, mchana na usiku. Kifua cha mtu ndilo jiko lake. Mama alikuwa amejifungua kwa upasuaji na homa ilikuwa bado inamchoma, hata kuketi hakuweza. Usiku mtoto alibebwa na baba, fundi wa kuchomelea mageti. Mchana ilikuwa kazi ya bibi wawili.

Bibi kama hao husaidiana. Hawa walichungana. Aliyembeba mtoto hakutaka kumtoa, na asiyembeba hakutaka kwenda nyumbani kupumzika, kila mmoja akihofia kwamba akigeuza kisogo tu, mwenzake ataleta watu wa kanisa lake. Wote wawili walimwita mtoto "mume wangu", kama bibi wanavyowatania wajukuu wa kiume. Nesi alipopita na kuwakuta wamenuniana, alisema hajawahi kuona wake wenza wakimgombea mume ambaye hajafika kilo mbili. Wodi nzima ikacheka, isipokuwa wake wenza wenyewe.

Mchana huo Bibi Kengele alitoka na simu yake hadi mwisho wa korido. Maswali, aliyekuwa akijaza chupa ya maji, alimsikia akimwomba Padri aje upesi, aje na kila kitu cha ubatizo, na asimwambie mtu yeyote. Maswali alirudi akamweleza Bibi Ngoma aliyoyasikia, kama alivyozoea kueleza kila kitu.

Bibi Ngoma ndiye aliyekuwa na mtoto kifuani. Alimsubiri Bibi Kengele aende kufua vitambaa, akamtazama mkwe wake kitandani, akamwona amelala. Alisimama.

"Chukua chupa. Tutakaa kule nyuma mpaka huyo mtu aondoke. Na usimwambie yeyote."

Walipita mlango wa uani, wakajibanza kwenye kibaraza nyuma ya chumba cha kufulia. Mvua ilikuwa imeanza. Upepo uliisukuma ikaingia chini ya paa, na baada ya muda mfupi gauni la Bibi Ngoma lilikuwa limelowa mabegani hadi kifuani. Alijikunja kama kobe kumkinga mtoto, huku macho yake yakiwa kwenye njia ya kutoka getini. Alikuwa akimtafuta Padri. Hakuona kwamba soksi moja ya mtoto ilikuwa imeanguka.

Maswali aliiokota. Alipoushika ule mguu amvalishe, mkono wake ulisita. Mguu ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi, na rangi yake ilikuwa ya jivu. Kwa kawaida ukimgusa nyayo, mdogo wake alikunja vidole vyote kwa pamoja. Sasa havikukunjika.

"Bibi, amepoa."

"Ni upepo tu. Tunarudi sasa hivi."

"Nimemgusa, Bibi. Hashtuki."

Bibi Ngoma alifungua kitenge achungulie, akakifunga tena upesi. Maswali alikumbuka kwamba amekatazwa kusema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza swali lolote. Alikimbia kumwita nesi.

Nesi aliwakuta mlangoni. Alimpima mtoto joto, akakaza uso. Hakumgombeza mtu. Alisema anataka kifua kikavu chenye joto, na anakitaka sasa. Bibi Ngoma alijitazama. Maji yalikuwa yakimdondoka.

Bibi Kengele alikuwa tayari anafungua vifungo vya blauzi. Hakuuliza mtoto alikuwa amepelekwa wapi wala na nani. Aliketi, nesi akamlaza mtoto kati ya maziwa yake, akamvika kofia kavu na soksi kavu, akakaza kitenge, akaweka blanketi juu. Kisha nesi akamtupia Bibi Ngoma shuka.

"Jikaushe, halafu njoo umshike miguu. Unasubiri nini?"

Bibi Ngoma alijikausha, akasugua viganja vyake hata vikawa vyekundu, akapiga magoti mbele ya kiti na kuingiza mikono chini ya blanketi. Nyuso za bibi wale wawili zilikaribiana kuliko siku zote tangu harusi ya watoto wao. Mmoja alikuwa joto la juu, mwingine joto la chini, na katikati yao alikuwemo mtu ambaye sikio lake lilikuwa dogo kama punje ya harage.

Wakaanza kuomba. Bibi Kengele aliomba maneno aliyoyajua kwa moyo tangu utoto, taratibu, bila kuinua sauti. Bibi Ngoma aliomba ya kwake, akikatiza, akisihi, akirudia jina la Yesu. Sauti zilikwenda kila moja njia yake, kama watu wawili wanaotwanga bila kupokezana. Kisha Bibi Kengele alifika kwenye Baba Yetu. Bibi Ngoma alikuwa ameishiwa maneno. Aliisikia, akainua uso, akaingia katikati ya sala ile pasipo kupotea, ingawa maneno ya makanisa yao hupishana hapa na pale.

Maswali alisimama akiwa ameshika soksi yenye unyevu. Sala hiyo alikuwa ameisema katika kanisa la kengele na katika kanisa la ngoma maisha yake yote, na hakuwahi kutambua kwamba ni ile ile. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa anaisema pia, na mwingine karibu na dirisha, na hakuna aliyejua mwenzake anasali wapi. Maswali alihisi kama mtu aliyefungua mlango mdogo wa nyumbani kwao na kukuta nyuma yake chumba kikubwa kisichoonekana mwisho, chenye watu tele, na wote wanamwita Mungu Baba.

"Vidole," Bibi Ngoma akanong'ona. "Amevikunja."

Nesi alipima tena, akangoja, akapima tena. Joto lilikuwa linapanda. Alimwita Maswali atazame. Ule mguu ulikuwa umerudiwa na rangi yake, na kidole gumba, kisichozidi mbegu ya chungwa, kilikuwa kinasukumana na mkono wa Bibi Ngoma. Maswali alikiangalia tu kama mtu anayeangalia mlima.

"Mama," ikaita sauti ya uchovu kutoka kitandani.

Bibi wote wawili waliitika.

Mama yake Maswali alikuwa macho, na alikuwa ameona vya kutosha. Bibi Ngoma hakungoja kuulizwa. Alisema yeye ndiye aliyemtoa mtoto nje, alimkimbiza asibatizwe, kumbe akamkimbizia kwenye baridi. Bibi Kengele akasema lawama hiyo si ya mtu mmoja, maana yeye alimwita Padri kwa siri bila ruhusa ya wazazi.

"Nawapenda wote wawili," mama alisema, "kwa hiyo nitasema waziwazi. Mmoja wenu alimwita Padri kwa sababu anampenda Kristo na anampenda mtoto. Mwingine alimkimbia Padri kwa sababu hizo hizo. Katikati ya mapenzi yote hayo, mwanangu nusura afe. Mlikuwa mnamlinda dhidi ya nani? Dhidi ya mtu anayekuja kumwombea?" Alipumzika kidogo. "Maswali, na wewe sikia. Wakristo wanaweza kutofautiana juu ya maji, wakazungumza mpaka waelewane au wazeeke. Lakini wanaosema Baba Yetu ni ndugu, wapende wasipende. Ndugu wakigombana, anayepigwa na baridi ni mdogo wao."

Mama akaendelea kwamba namna ya ubatizo wataamua yeye na mumewe, mtoto akiwa salama nyumbani. Leo anataka aombewe, na anataka makanisa yote mawili yaombe pamoja, hapa hapa.

Bibi Kengele hakuweza kunyanyuka. Alimwelekeza Bibi Ngoma mahali ilipo simu yake. "Mpigie Mchungaji wenu. Mwambie ni mimi ninayemwita."

Bibi Ngoma akapiga papo hapo. Alikuwa bado anazungumza Padri alipotokea mlangoni akikung'uta mwavuli. Bibi Ngoma alimaliza, akamwendea, akampokea mwavuli kwa mikono miwili. Alimweleza kwamba leo hakutakuwa na ubatizo, ila maombi yapo, na kwamba Mchungaji anakaa mtaa wa pili na anakuja mbio. Je, angekubali kumsubiri? Padri alimtazama mtoto, akawatazama bibi wawili, akaketi.

Mchungaji aliingia viatu vikiwa vimejaa tope. Nesi aliwazuia wote wawili kabla hawajakikaribia kitanda, akawaonyesha sinki na kipande cha sabuni. Wakanawa bega kwa bega, wakipokezana sabuni, kisha wakaja kusimama kando ya kiti, na wote wakainamisha vichwa.