Sweta ya Kompyuta

Nyumbani kwa Mbithe, mjini Voi, kila kitu kilivaa kitambaa. Makochi, redio, hata kompyuta. Alivifuma mwenyewe. Vumbi jekundu lilipita chini ya mlango kila alasiri, na Mbithe hakutaka lipate pa kutua.

Binti yake, Kavinya, alisomea ualimu kwa kompyuta hiyo. Mtihani ulikuwa Ijumaa saa nne. Lakini tangu Jumatatu kompyuta ilikuwa ikivuma kwa nguvu, kisha inazima yenyewe.

"Mum, ikizima katikati ya mtihani, nimeanguka," alisema Kavinya. Machozi yalimlengalenga.

Mbithe aliinua kitambaa, akagusa kasha la kompyuta. Lilikuwa moto kama sufuria ya muthokoi, mahindi yakichemka na maharagwe. Huu moto unatoka wapi, na hakuna jiko humu? Swali hilo halikumpa raha. Kuuliza si ujinga, akamwita jirani yao Gibson, fundi wa kompyuta.

Gibson alipoiona aliangua kicheko. "Mama Kavinya, nani ameivisha sweta na jua hili?"

"Ni mimi. Nazuia vumbi."

"Kompyuta ikifanya kazi hupata joto. Ndani kuna feni ya kutoa hilo joto kupitia haya matundu. Sasa wewe umeyaziba."

Alizima kompyuta, akachomoa waya kwenye soketi, akaipeleka nje. Alipofungua ubavu, Mbithe alichungulia. Feni ilikuwa imejaa vumbi tele.

"Limeingiaje na mimi nimefunika?"

"Si nimeikuta chini?"

"Ndiyo, kando ya meza."

"Basi ukifagia, feni inalivuta."

Mbithe aliona aibu. Kumbe ufagio wake ndio uliokuwa ukiilisha vumbi!

Gibson alishika feni isizunguke, akaisugua kwa brashi laini, kavu. Kisha akapuliza vumbi kwa blowa. "Maji usitie hata tone. Fanya hivi kila miezi mitatu. Iweke juu ya meza, isiguse ukuta. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Na usiifunike ikiwa inafanya kazi."

Ijumaa, Mbithe aliketi karibu na meza, roho juu. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Alisogeza mkono kwenye matundu. Hewa ya vuguvugu ilikuwa ikitoka.

"Nimemaliza, Mum! Haikuzima!" Kavinya alimkumbatia mama yake. Kisha akazima kompyuta na kunyoosha mkono achukue kitambaa.

Mbithe alikikalia. "Ngoja kwanza ipoe."