Mtalaka Kwenye Kiti cha Mbele

"Kwa hiyo huyo Siv hana miguu ya kupandia basi?"

"Baba yake mahututi, Jorunn, na gari lake liko gereji. Nimwambie asubiri kituoni na theluji hii?"

"Mwambie lolote. Ni mtalaka wako, si mkeo."

"Mzee yule alinifundisha useremala miaka tisa. Hata bila Siv ningekwenda kumwona hospitali Lærdal."

"Ila huendi bila Siv!"

Halvard akaingia bafuni.

Jorunn alitoka na ndala hadi kwenye gari lao la umeme. Jana alimwona mumewe akilipanga kwa safari ya mlimani: amewasha mwendo wa theluji, na ile breki inayolivuta gari mara tu uondoapo mguu kwenye pedali ya mwendo ameishusha hadi chini kabisa. Gari hilo husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake; yakivutwa ghafla kwenye barafu, mkia unahama.

Akagusa kioo cha dashibodi. Theluji, zima. Breki, juu kabisa.

Alitaka liteleze kidogo tu, palepale mjini Fagernes, Halvard aingiwe na hofu ageuze, Siv ashuke. Basi.

Halvard akaondoka kumchukua Siv. Nusu saa ikapita, hajarudi. Ilipokaribia saa nzima, ujumbe wake ukaingia: "Tumepita Vang, tunaanza kupanda mlima. Gari linakwenda vizuri. Siv anakusalimu."

"Ananisalimu!" Jorunn akaibwaga simu mezani. "Kakikalia kiti changu, halafu salamu!"

Kisha akakumbuka. Ile breki huvuta kwa kurudisha umeme kwenye betri, na betri ya baridi haipokei umeme; haivuti sawasawa mpaka betri ipate joto. Ndiyo maana mjini halikuteleza. Litavuta huko juu, kwenye barafu, kwenye mteremko.

Akampigia Halvard. Sauti ya kike ikapokea.

"Jorunn? Mimi Siv. Halvard anaendesha."

"Mpe simu!"

"Mikono yote iko kwenye usukani, upepo unatupiga. Niambie mimi."

"Sina la kuongea na wewe."

"Haya, kwaheri."

"Siv! Usikate, nakuomba!"

Kwa nyuma alimsikia Halvard: "Lina nini gari hili? Mkia unakimbia!"

"Mwambie asiondoe mguu ghafla! Auinue taratibu. Wewe gusa kioo, kwenye picha ya gari, tafuta breki."

"Nimeiona. Iko juu kabisa. Na theluji imezimwa... Halvard si alisema alishalipanga jana?"

"Alilipanga."

"Sasa nani—"

"Shusha kwanza, Siv! Utanitukana baadaye!"

Honi ya lori ikalia. Siv akapiga ukelele. Kishindo. Kimya.

Jorunn alijikuta amepiga magoti jikoni, akiita majina yote mawili.

"Tupo," Siv akasema mwishowe, akihema. "Tumenasa kwenye ukingo wa theluji kando ya barabara. Wazima. Halvard yuko nje, anatazama bampa."

Jorunn alilia kwa sauti.

"Ni wewe, eti?"

"Ni mimi."

"Sikia, shoga. Nitamwambia niligusa mimi, kwa bahati mbaya. Yaishe."

Hata hapo wivu ulimng'ata. Afiche siri na mtalaka wa mumewe, awe na deni kwake maisha yote?

"Mpe simu."

Akamwambia Halvard kila kitu, bila kupunguza.

"Ulitaka nife?"

"Nilitaka urudi."

Halvard akakata simu.

Alirudi kesho yake mchana. Akakaa mezani na koti mwilini.

"Mzee?"

"Amefumbua macho. Siv anasema nikusamehe. Nimemwambia halimhusu."

"Wewe unasemaje?"

"Nimekasirika."

"Unaondoka?"

"Anayeondoka hakai kueleza kwamba amekasirika, Jorunn. Anabeba nguo. Lakini watu wawili walikuwa ndani ya gari lile. Sina utani."

"Najua. Sijalala. Sitaligusa tena, wala sitakununia. Wivu ukinipanda nitausema kwa mdomo, hata kama ni wa kijinga."

"Sasa hivi umepanda?"

Jorunn akatazama chini. "Jana ulilala wapi?"

"Hospitali. Kwenye kiti, kando ya kitanda cha mzee."

"Na Siv?"

"Kwenye kiti, upande wa pili wa kitanda."

"Mbali kiasi gani?"

Halvard alimkazia macho. Mdomo ukamcheza, akashindwa kujizuia, akacheka.

"Mbali kiasi cha mzee mzima anayekoroma."

Akasimama, akavua koti, akalitundika.