Riwaya ya Kihindi na Tangazo la Kigonsera

"Huyo mwanaume ni mwoga," Beata alisema, akakifunga kitabu kwa nguvu.

"Si mwoga," Florian akajibu. "Ana mama."

Tulikuwa wanne, Jumamosi saa kumi, chumba cha nyuma cha duka la vitenge la baba yangu hapa Mbinga: mimi Rukaiya, Beata muuguzi, Mzee Ladislaus mwalimu mstaafu, na Florian, mwalimu wa sekondari na mchumba wangu wa siri, siri aliyoijua Beata tu. Riwaya ilikuwa ya mwandishi mmoja wa India. Tulikuwa na nakala moja tu, ikazunguka nyumba kwa nyumba. Inamhusu kijana wa milimani, kwao wanalima chai, anayempenda msichana wa dini nyingine. Wanapanga kufunga ndoa serikalini. Msichana anakaa kwenye benchi la ofisi akisubiri, na kitabu kinaishia hapo, bila kusema kama kijana alifika.

Mzee Ladislaus alilalamika kwamba mvua peke yake imekula kurasa arobaini, na mwandishi anayeshindwa kumaliza hadithi yake aende akalime. Mimi nilisema kijana alifika. Nilikuwa na uhakika wangu, na ulikuwa umebandikwa bomani. Wiki mbili jina langu na la Florian yalikuwa kwenye ubao wa matangazo ya ndoa. Siku ishirini na moja zikiisha tungefunga ndoa pale kwa Mkuu wa Wilaya, kisha ndiyo tuwaambie wazee. Baba yangu, Mzee Adinani, ni mtu wa Kilwa, swala tano hazimpiti, na Florian ni Mkatoliki. Kila mteja aliyetokea upande wa boma nilimkagua usoni kama mgambo, nikitafuta kama amelisoma tangazo letu.

"Hakufika," Beata alisema, akinitazama mimi badala ya kitabu. "Na alijua mapema kwamba hatafika."

Florian akaanza kumtetea yule kijana. Mtoto wa kwanza wa kiume, shamba la marehemu baba, mama mjane, mtu hawezi kuamka tu akaacha vyote. Mjinga mimi nikaona kumbe mchumba wangu ni msomaji mwenye huruma, nikazidi kumpenda.

Walipoondoka, ujumbe wa Beata ukaingia:

"Dada Rukaiya, nisamehe. Jumapili iliyopita nilisali Kigonsera, nilikwenda kumsalimu shangazi. Padri amesoma tangazo la ndoa, ni mara ya pili. Florian wako na Vitalia wa Namswea. Mbele yake nilishindwa kukwambia."

Niliusoma mara nne. Matangazo ya ndoa ya Wakatoliki husomwa Jumapili tatu, ili mwenye kizuizi ajitokeze. Florian alijua mimi sikanyagi kanisani, na alijua wa kwao Kigonsera hawaji kusoma ubao wa boma. Akajitangaza huku, akajitangaza na kule. Alimsahau shangazi wa Beata.

Nikampigia Florian.

"Vitalia ni nani?"

"Mama kanichagulia," akasema. "Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Leo, tukimaliza kitabu. Nilidhani ukikisoma utanielewa."

"Na bomani ulisaini kwa nini?"

"Siku ile nilikuwa nimeamua kweli, Rukaiya."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu nilimwamini. Nikakata simu.

Baba alikuwa kaunta anakunja vitenge. Niliona bora aisikie kwangu kuliko kuletewa na watu. Nikasimama mbele yake nikamwambia nimemkosea, kuna tangazo bomani lina jina langu.

"Nililiona," akasema, mikono ikiendelea kukunja. "Wiki iliyopita, nilipokwenda kwa mambo ya leseni."

"Na hukusema kitu, Baba?"

"Nilisubiri useme wewe. Sikupenda, mwanangu, nisikufiche. Siku tatu chakula hakikupita. Lakini sina mwingine ila wewe. Nimemwita shangazi yako Mwanaisha, yuko njiani kutoka Kilwa. Siwezi kukuozesha bila mtu wa kwetu."

Wiki mbili nzima nilimwogopa huyu mzee, nikapita mbele yake na sura ya uongo asubuhi na jioni, kumbe alikuwa ananiandalia harusi.

"Baba, harusi haipo tena."

Mikono ikasimama. Nikamweleza yote, mpaka Vitalia, mpaka Jumapili moja iliyobaki. Hakutukana, hakuuliza dini ya mtu. Alitoa simu mfukoni, akalitafuta jina la shangazi, akaliangalia kwa muda. Kisha akairudisha.

"Mwache aje," akasema. "Utamhitaji."

Hapo ndipo nilipolia.