Maziwa Yasiyotuliwa na Nzi

Nzi wa Bulla Pesa hawana adabu. Wanatua hata kwenye jicho la mtu mnayesalimiana naye. Ndiyo maana Lokaale alishangaa. Kikombe cha maziwa ya ngamia alikiacha wazi asubuhi, na adhuhuri hakikuwa na nzi hata mmoja. Alikinusa. Harufu ya moshi, ile inayobaki mtungi ukishafukizwa kwa kuni, haikuwapo. Maziwa yakakaa siku tatu bila kuganda.

Kazi yake kwenye stoo ya maziwa ilikuwa kuonja maziwa ya kutoka Biliqo kabla hayajapelekwa kwa watoto wa chekechea, bintiye Nakal akiwa mmoja wao. Mkewe, Everlyne, ndiye aliyeosha mitungi na kuifukiza. Alipomuuliza, Everlyne alisema kuni za siku hizi hazina moshi wa maana, naye akaamini, kwa kuwa ni mkewe, akaruhusu maziwa yapelekwe.

Everlyne alikuwa mtu wa kanisa hasa. Lokaale hakuamini Mungu wala shetani, na hakuficha. Kwake ubaya ulifanywa na mikono ya watu, basi. Majirani walimpenda, ila watoto wao hawakuruhusiwa kulala kwake.

Siku ya nne, saa saba mchana, akiwa peke yake stoo, vifuniko vya mitungi vilianza kugongwa kutoka ndani, kimoja kwanza, kisha viwili, kisha vyote, na baridi ikampanda mgongoni katika joto lile la kuunguza mabati, ikafika kisogoni, ikatulia hapo kama mtu anayepumua, na sauti ikamjia sikioni, sauti ya Everlyne kabisa, ingawa Everlyne alikuwa kanisani.

"Wapelekee tu. Kwani nani anakuona?"

"Mimi najiona," Lokaale akanong'ona.

Vifuniko vikanyamaza.

Alipowasimulia, wanawake wa stoo walimwita Mohamednoor, msomaji wa majini. Akasoma mpaka shati likalowa, akanyunyiza maji kila pembe, na hakuna kilichojibu. Akaketi chini amechoka.

"Huyu hatoki kwa kusomewa," alisema. "Kuna mtu hapa amemfungulia mlango."

Macho yote yakamgeukia Lokaale. Everlyne, aliyekuwa amesharudi kutoka kanisani, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Nakal, wewe huombi. Hii kitu imepitia kwako. Enda tu, watoto wawe salama."

Mwenye stoo akamfukuza kazi papo hapo. Iliuma sana, zaidi kwa kuwa mkewe ndiye aliyesema. Lakini kabla ya kutoka Lokaale aliipindua mitungi yote, mmoja baada ya mwingine. Kwa watu wa mifugo kumwaga maziwa chini ni kuita laana, na wanawake wakaziba vinywa. Maziwa yakatapakaa mpaka barabarani, na nzi wakayapita juu.

Jioni, kabla giza halijaingia, Everlyne aliuombea ugali, ombi refu lenye machozi. Nzi wakaja. Walitua kwenye sahani ya Lokaale, na mkononi mwake, na yeye akawaacha, akifurahi karibu alie. Wakatua mdomoni mwa Nakal. Kwa Everlyne hawakutua.

"Baba," Nakal akasema, "shule wote wanaumwa tumbo. Kuno amepelekwa hospitali. Mimi siumwi. Mama alinikataza kunywa maziwa."

Lokaale akaacha kutafuna.

Everlyne alifumbua macho polepole. Machozi yalikuwa bado mashavuni.

"Kuni ziliisha, Baba Nakal. Maziwa ingeharibika, wanifute. Nilitia tu ile dawa ya kuzuia maiti kuoza, kidogo." Akamega ugali. "Kwani nani angeniona?"

Jikoni, ambako hapakuwa na mtu, kifuniko cha mtungi kiligongwa kutoka ndani.