Shikamoo Isiyoitikiwa

Saa kumi jioni, birika tupu lililokaa juu ya jiko lililozimwa liliuliza, "Wa ngapi?"

Fundi cherehani, mwenye nyumba kwa maana ya kwamba ndiye aliyeifagia, aliondoa mguu kwenye pedali. Sauti aliijua. Ilikuwa ya mumewe, na mumewe wakati huo alikuwa kazini, akikagua mizani za wauza nyama na kuwatoa watu jasho kwa gramu mbili.

"Baba Kalamu, ni wewe?"

Kutoka jikoni ilikuja harufu ya nywele zinazoungua.

Mtaani mumewe walimwita Bwana Mizani. Mkate aliupima, chumvi aliipima, na mapenzi yake kwa mkewe aliyapima pia, akakuta yamepungua, akaridhika. Binti yao wa pekee, waliyemwita Kalamu, alikuwa darasa la saba. Kila alipoingia kutoka shule akasema "Shikamoo baba," baba alimwuliza kwanza, "Wa ngapi?" Miaka sita jibu lilikuwa "wa kwanza," na hapo ndipo marahaba ilipotoka. Mwaka huu Kalamu akawa wa kumi na tisa, kisha wa thelathini na mbili. Shikamoo zake zikalundikana mlangoni kama viatu vya wageni.

Mwalimu wa darasa alikuja mwenyewe.

"Mzee, mtoto halali. Kwenye mtihani mkono unatetemeka mpaka kalamu inamponyoka. Masomo anayajua, ila hofu imeyakalia. Hospitali kuna mshauri wa watoto, mpelekeni."

"Mshauri?" Bwana Mizani alicheka hadi kitambi kikacheka naye. "Mtoto wa miaka kumi na tatu ana mawazo gani? Kastaafu?"

Mwalimu aliaga. Swali halikuaga. Liliulizwa na ndoo ya kuogea, likaulizwa na bomba, saa nne asubuhi, saa nane mchana, jua likiwaka na majirani wakianika nguo, kila mara kwa sauti ileile pamoja na harufu ileile, mpaka alasiri moja fundi cherehani akafungua kabati kutafuta shuka na kumkuta binti yake amejikunja kati ya makoti, kiganja kimejaa nywele alizojing'oa, akimnong'oneza mtu asiyeonekana, "Wa thelathini na mbili, nisamehe, wa thelathini na mbili," na mbao za kabati nyuma yake, taratibu, kama mlaji asiye na haraka, zikitafuna.

Bwana Mizani alipoambiwa, alifurahi. Ndiyo, alifurahi!

"Si nilisema si mawazo? Jini! Na nyie mlikuwa mnaniangalia mimi!"

Mganga alikuja Jumamosi adhuhuri, mama mnene mwenye ndala na mfuko wa plastiki. Alinusa chumba kwa chumba, akaishia mbele ya birika, nalo likauliza, "Wa ngapi?"

"Hapa nani huuliza swali hili?"

Fundi cherehani alimtazama mumewe. Kalamu alitazama sakafu. Bwana Mizani alitazama dari, kana kwamba mkosaji ni fundi seremala.

"Mimi nimelala makaburini," birika likasema, kifuniko kikichezacheza. "Nimelala hata kwenye choo cha soko. Nikapita hapa nikasikia mtoto anaulizwa, anatetemeka, nikasema, hapa pana chakula. Kumpanda sikumpanda. Nafasi haikuwepo, baba yake kamjaza hofu mpaka shingoni."

"Utatoka?"

"Nikijibiwa na mwenye swali." Sauti ikageukia upande wa Bwana Mizani. "Wewe, ulipokuwa darasa la saba. Wa ngapi?"

"Mimi ni mkaguzi mwandamizi..."

"WA NGAPI?" Vioo vya madirisha vililia.

"Wa arobaini na tatu," alinong'ona.

"Kati ya?"

"Arobaini na nne."

"Na huyo wa mwisho?"

"Alikuwa na surua. Hakufanya mtihani."

Kalamu akacheka. Kicheko cha kwanza tangu mwaka uanze. Kifuniko cha birika kiliruka kikatoka nje kupitia dirishani, na harufu ikakatika.

"Ametoka," mganga alimwambia Bwana Mizani akivaa ndala zake. "Sasa hana mdomo. Usimwazime wako kwa maswali ya namna ile. Na mtoto mpelekeni kwa huyo mshauri. Mimi natoa majini, mababa siwatoi."

Fundi cherehani alimpeleka, wiki baada ya wiki. Kalamu akaanza kulala. Nywele zikaanza kuota, fupi, laini, kama za mtoto mchanga. Na Ijumaa moja akaingia mbio, karatasi mkononi.

"Shikamoo baba! Wa tisa!"

"Itikia tu," mkewe alimnong'oneza kutoka kwenye cherehani. "Nakuomba, baba Kalamu. Itikia, unyamaze."

Neno lilikuwa moja tu. Hata kasuku angeliweza. Bwana Mizani aliipokea karatasi, akaiinua kwenye mwanga, akaipimapima kwa vidole.

"Tisa," alisema. "Na wa kwanza ni nani?"

Uso wa Kalamu ulizimika. Mkono ukapanda polepole kwenye nywele. Kutoka jikoni, ambako birika lilikaa bila kifuniko, harufu ya kuungua ilikuja, na nyuma yake sauti ya baba, tamu kuliko baba mwenyewe alivyowahi kuitoa.

"Marahaba, mwanangu."

Kalamu akageuka, akaelekea jikoni, kwa aliyemwitikia.